Bibi Asiyeacha Kuitikia Hodi
Mama, shikamoo! Huku Mtwara leo nimecheka hadi machozi! Hapa kliniki tulikuwa tunampima bibi mmoja wa kijiji cha Mpapura, ana kisukari kama wewe. Alitakiwa alale kimya, kichwa ndani ya kofia ya plastiki, mashine ikadirie mwili uliopumzika unahitaji chakula kiasi gani. Lakini kila mtu akipiga hodi, bibi anaitikia, “Karibuuu!” Tukaanza upya mara tatu! “Mjukuu wangu, mtu apige hodi ninyamaze?” Ikabidi nisimame mlangoni, niwaitikie mimi.

Majibu yalipotoka, kumbe kwa kuogopa sukari kupanda, bibi anakula kidogo kuliko mwili unavyohitaji hata akiwa amelala tu! Nikakumbuka kikombe chako kimoja cha uji kutwa nzima. Kula, Mama. Nikipiga hodi Desemba, nataka uitikie wewe.

Mwanao, Neema