Vitambaa Vyekundu vya Shamba la Juu

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na lile goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila Mama kashikwa na mafua na hataki kuambiwa apumzike. Mimi nipo na cherehani yangu. Nguo za watu zimejaa hadi chini ya meza, na wenyewe wanapita kila siku kuuliza. Nawaambia kesho.

Barua yako tuliisoma mezani, sote. Pale ulipoandika kwamba kama shamba lako haliwezi kukulisha basi hurudi, utazeekea hukohuko, Baba aliweka kijiko chini akatoka nje. Kesho yake akaanza kunoa shoka. Eti miti yako yote ya kule juu iondoke, maana kivulini hakioti kitu. Nilikasirika, Shangazi. Nilidhani ametamani mbao.

Nikamwita mtaalamu wetu wa kilimo, yule mama ambaye kila mtu anamwita Mama Mashimo kwa sababu akiingia shambani kwako lazima achimbe. Nikamwomba aangalie kama panafaa kulima katikati ya mistari ya miti bila kukata hata mmoja. Alichimba mashimo kumi na moja. Akafinyanga udongo kiganjani, akautazama mteremko, akapima kwa kamba upana kati ya mstari na mstari. Mimi niliachiwa kazi moja tu, ya kupima kivuli. Na nikatoa vitambaa vya kufunga kwenye vigingi, mabaki ya kushonea. Cheupe panafaa, chekundu hapafai.

Nikapima saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafungua kazi. Kivuli kilikuwa kimelala shamba zima. Mama Mashimo akaviamini vipimo vyangu, kule juu kukawa kwekundu kote. Baba akatazama, akaenda kuliongezea shoka makali.

Sasa msikie wifi yako. Mvua ikanyesha, vitambaa vikajaa matope. Naye unamjua kwa usafi. Alipanda na beseni, akavifungua vyote, akavifua, akavianika. Wakati wa kuvirudisha hakukumbuka kipi kilikaa wapi, basi akavipanga kimoja chekundu, kimoja cheupe, mpaka mwisho wa shamba. Akasema angalau sasa vinapendeza. Mama Mashimo alipofika alikaa chini akacheka hadi akashika mbavu.

Ikabidi tuanze upya. Safari hii akaniuliza kivuli nilikipima saa ngapi. Nilipomjibu, alinitazama kama mteja aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja. Akasema asubuhi hata kigingi kina kivuli kirefu. Aibu niliyoona sina pa kuiweka. Tukapima asubuhi, saa sita na saa kumi. Saa sita kivuli hakivuki hatua mbili kutoka kwenye shina, na mistari yako imeachana hatua kumi na mbili. Jua lote liko pale katikati.

Kwa hiyo jibu ni hili: kule juu panafaa. Udongo una kina. Utapanda maharage na karanga, mradi tupogoe matawi na tuache hatua mbili kila upande wa miti, mizizi isigombanie maji na mazao. Majani yakianguka yatakuwa mbolea. Shamba litakulisha, Shangazi. Shoka limerudi stoo.

Ila kule chini hapafai kabisa, sepetu inagonga mwamba kabla haijazama. Na pale juu ulipotaka kujenga ndipo penye udongo mzuri kuliko pote. Mama Mashimo anasema ukijenga pale utakuwa umekalia chakula chako. Nyumba ishuke chini, kwenye mwamba, ambako msingi utakaa imara. Hapo utakuwa hatua thelathini kutoka jikoni kwa wifi yako, na cherehani yangu utaisikia kila asubuhi. Ulisema unataka utulivu. Pole.

Juzi nikamkuta Baba huko chini peke yake, akipigilia vigingi. Vinne vya nyumba yako, viwili vya mlango, vyote na vitambaa vyeupe alivyochukua kwenye kapu langu bila kuomba. Mlango unatazamana na wetu. Nikamuuliza kwa nini upande huo, akasema ni kwa ajili ya upepo. Tangu nizaliwe upepo haujawahi kutokea upande huo. Kumbe siku zote hizi alikuwa anaogopa hutarudi, na mimi nilimwona mtu wa mbao. Nimemwomba radhi kimoyomoyo.

Msalimie binti yako, mwambie gauni lake liko tayari, na safari hii sisemi kesho. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu akuponye hilo goti, uupande mteremko wako kwa miguu yako mwenyewe. Kaka yako anasema hana la kusema. Ila amesimama hapa nyuma yangu, na anataka nikuulize kitanda chako kina upana gani, asije akakosea mlango.

Mwanao akupendaye daima,
Fundi