Saa Kumi na Tisa Katika Mji Wako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za paka ambaye humjui bado, maana alihamia kwetu miaka mitatu iliyopita bila kualikwa na sasa anajiona mwenye nyumba. Hujambo? Mgongo ulionitajia kwenye barua yako ya mwisho umetulia? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja. Mimi bado nashona sare za shule kwenye karakana ile ile, cherehani ya tatu kutoka dirishani, na msimamizi wetu bado anakohoa kabla ya kutugombeza ili tujiandae.

Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua, ningeikata katikati. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, na usiruke hata mstari mmoja.

Habari kubwa ni kwamba Mama anasafiri. Haendi harusini wala hospitalini. Anakwenda Korea. Cheka kwanza mpaka umalize, kisha uendelee kusoma.

Ilianza wakati goti lilipomlaza miezi miwili, mguu juu ya mto, hasira juu ya kila mtu. Jirani yetu wa mlango wa pili ni msusi, binti mcheshi, mikono yake haina mfano. Akawa anakuja jioni na kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka kona, anamwekea Mama tamthilia za Kikorea. Alisema anamwonea mgonjwa huruma. Baadaye nikagundua kwamba kwake umeme ulikuwa umekatwa. Tamthilia ya kwanza ilikuwa ya binti wa mtengeneza karatasi aliyependwa na tajiri mmoja asiyejua kucheka. Kufikia sehemu ya nne, Mama alikuwa anamwambia yule tajiri kwa sauti kubwa kwamba akiendelea kununa atakosa mke, na mama yake, mama mkwe mtarajiwa wa binti, naye alihitaji kukalishwa chini na wazee.

Msusi mwenyewe hana habari na matajiri. Yeye ana wale vijana wanaoimba wakirukaruka, nywele zao leo zambarau, kesho nyeupe. Anajua siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wao, na siku ya kuzaliwa ya baba yake haijui. Wa tatu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, yule mama wa nyumba ya kona, ambaye mtaa mzima unamwita Mahesabu. Alikuja kulalamika kuhusu kelele. Akasimama mlangoni, akatazama dakika mbili, akauliza yule mwenye koti jeusi ni nani, na tangu siku hiyo ana kiti chake.

Sijui nani alitamka neno safari kwanza. Msusi anasema ni Mama, Mama anasema ni paka. Ninachojua ni kwamba sisi tulikuwa tunatania na Mahesabu akatoa penseli. Alisema kwenda mbali si utajiri, ni hesabu, na watu wengi hawaendi popote kwa sababu wanaogopa kuandika tarakimu ya kwanza. Tukaanza kuweka akiba, kila mtu kwa uwezo wake, kwa miaka miwili na miezi mitatu. Mama alitoa pesa aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya makochi mapya. Alisema makochi ya zamani bado yanajua makalio yake.

Ungemwona Mahesabu, dada, ungempa uwaziri. Msusi alitaka twende wakati miti yote imechanua maua. Mahesabu akasema maua yakichanua na bei huchanua, tutakwenda mwezi wa kumi na moja, majani yakishaanguka, na atakayetaka maua ayatazame kwenye picha. Hoteli hakuna. Tumepata nyumba ya wageni karibu na kituo cha treni, chumba kimoja cha watu wanne, magodoro sakafuni, na sakafu yenyewe inapashwa moto kwa chini. Jiko ni la wote, kwa hiyo asubuhi tutapika wenyewe, mchana tutakula tambi za kumimina maji ya moto. Ndani ya mji ni treni na miguu, na Mama amekuwa akifanya mazoezi ya goti kwa kupanda ngazi za ghorofa ya Mahesabu akihesabu kwa sauti.

Machozi yalitoka tulipofika kwenye bei ya tamasha. Tiketi ya kuwaona wale vijana wa nywele ilikaribia nusu ya nauli ya ndege. Msusi alilia kama aliyefiwa, akafuta uso, kisha akasema basi atakwenda kusimama nje ya ukumbi asikilize ukuta. Mahesabu akaondoka na penseli yake. Baada ya siku tatu akarudi na karatasi: kuna mitaa ambako vijana wengine, ambao bado hawajajulikana, huimba na kucheza barabarani bure kila jioni. Akamwambia msusi kwamba hao ndio wa kuwaona sasa, kabla hawajaanza kuuzwa kwa bei ya nusu nauli. Msusi akakubali, ila bado ananuna kidogo kila Jumamosi.

Mahesabu pia aligundua kwamba anayeingia kwenye majumba ya wafalme akiwa amevaa vazi lao la zamani halipi kiingilio. Basi wakanigeukia mimi. Nimeshona manne, kwa vitambaa vya pazia vilivyobaki karakanani, na msimamizi alikohoa lakini hakunigombeza. La Mama ni la kijani, mikono mipana, utepe mwekundu kifuani. Alipolijaribu alijigeuza mbele ya kioo mara tano, akasema sasa yule mama mkwe aje.

Sasa nakuja kwenye pasipoti. Unajua Mama alivyo na karatasi. Tangu tupo wadogo ni dole gumba, na wewe au mimi kando yake kumwambia kimeandikwa nini. Tulipofika dirishani, karani, kijana mpole, akamsogezea kidau cha wino bila hata kuulizwa. Mama akakirudisha. Akaomba kalamu. Nikamnong'oneza kwamba hapo ni pa sahihi. Akanijibu, bila kuninong'oneza, kwamba anajua, kwa sababu pameandikwa. Akainama, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akitoa ulimi kidogo kama mtoto anayepenyeza uzi kwenye sindano. Karani alisubiri. Foleni nzima ilisubiri. Mimi nilitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Njiani nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema kwenye tamthilia. Zile za msusi zina maandishi ya Kiswahili chini, na mwanzoni msusi alikuwa anamsomea, lakini pakifika pa kuhuzunisha analia na anaacha, na Mama anabaki hajui kama mgonjwa amepona au amekufa. Akachoka kutegemea machozi ya mtu. Akamwomba msusi amfundishe herufi, asubuhi nikiwa kazini, kwa kuandika kwa chaki kwenye mlango wa saluni. Mwaka mzima na zaidi. Nami nikirudi nyumbani ananiuliza habari za karakana, hasemi lolote. Alisema alitaka kwanza awe na uhakika.

Kisha ikaja siku ya kuchagua tiketi. Mahesabu alitandika tatu mezani. Ya kwanza ilikwenda haraka na ilikuwa ghali. Ya pili ilikuwa ya katikati. Ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote, lakini ndege inatua mahali fulani na abiria wanasubiri saa kumi na tisa ndipo wapande nyingine. Mahesabu mwenyewe aliitupa pembeni. Alisema kuokoa pesa kuna mipaka, huwezi kumkalisha mama mwenye goti saa kumi na tisa kwenye kiti cha chuma. Mama akainyoosha ile karatasi, akaisoma kwa kidole, akafika kwenye jina la mji. Akasema, "Hii ndiyo yangu." Mahesabu akaanza kumbembeleza kwa tarakimu. Mama akarudia neno lile lile na kukunja karatasi. Msusi alidhani ni ubahili. Mimi peke yangu nilijua, na nilishindwa kuinua macho.

Dada, mji huo ni wako.

Sasa nakuomba ukae chini. Wiki moja kabla ya tiketi, siku ya mapumziko, mchana, Mama aliniita chumbani. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, na kitandani alikuwa ametandaza barua zako zote za miaka minane. Akachagua moja, akanipa, akaniomba nimsomee kama zamani. Nami, kwa mazoea, nikasoma kama zamani: kwamba hujambo, kazi ni nyingi, kuna baridi, unamsalimu sana. Akaniacha nikafika mwisho. Kisha akaichukua, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akasoma mwenyewe, polepole, silabi kwa silabi: "Ma-ma, na-o-mba ni-je ni-ku-o-ne. Ni-pe ru-hu-sa tu."

Akavua miwani. Akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "Mistari mingine ulikuwa unaipeleka wapi?"

Jibu lake ni hili. Ulipoondoka wiki tatu baada ya mazishi ya Baba, Mama alisema ukitoka usirudi, nawe ulitoka. Mwaka wa kwanza ulipopiga simu nikakuambia hataki kuzungumza nawe. Ilikuwa kweli. Ulipoanza kuandika, barua ya kwanza niliruka mstari wa msamaha kwa sababu alikuwa na shinikizo la damu, nikajiambia namlinda. Ya pili hakuwa mgonjwa. Niliruka tu. Kila nikimaliza kusoma alikuwa ananiuliza, "Hakusema atakuja lini?" Nami namjibu hakusema. Na wewe nikakuandikia kwamba Mama anasalimu, hana la kuongeza. Alikuwa nalo, dada. Kila mara alikuwa nalo. Alinituma nikuambie mlango haujafungwa, na sikuandika.

Sitakuambia ni kwa sababu ya Mama. Ni mimi niliyebaki. Mimi niliyempeleka hospitali, niliyepika, niliyeacha kuolewa na fundi saa yule uliyemkumbuka kwenye salamu zako hata baada ya mimi kumsahau. Na jina lililomwangaza uso lilikuwa lako. Niliona ukirudi siku moja tu, na begi lako zuri, miaka yangu yote itakuwa si kitu. Nilikuonea wivu, nikauita ulinzi. Nilikunyima mama yako miaka minane, na nilimnyima yeye mtoto, na nilikuwa ninakula naye meza moja.

Mama hakunifukuza. Hakulia mbele yangu. Siku mbili alizungumza na paka tu. Siku ya tatu akaniambia nilisema uongo kwa mdomo, basi kweli nitaiandika kwa mkono, na yeye ataisoma kabla haijatiwa gundi. Ameisoma. Ilimchukua tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Amerekebisha mahali pawili: anasema goti halimsumbui kiasi hicho, na kwamba neno safari lilitamkwa na msusi. Pale pa miaka minane hakugusa.

Tutatua Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu asubuhi. Ndege ya pili inaondoka Jumatano saa kumi alfajiri. Mahesabu ameulizia: abiria wanaosubiri muda mrefu hivyo hupewa kibali cha kutoka nje, bila malipo. Mama hataki zawadi na hataki hoteli. Anataka kuona unapolala na unapofanyia kazi, na kama jiko lako lina dirisha. Msusi na Mahesabu watatembea mjini. Mimi sitatoka. Nitakaa na mizigo. Ukitaka kuniona, utanikuta hapo, na ukitaka kunipita, pita, sitakulaumu. Lakini kwa Mama usikose. Hata ukiwa na hasira nami, njoo nayo, umpe mkono mmoja yeye.

Wasalimu wote wanaokutunza huko, hata nisiowajua. Mahesabu anakusalimu na kuuliza nauli ya basi kutoka uwanjani. Msusi anasema kama nywele zako hazina mtu, anakuja na vifaa. Mama hakunituma salamu. Amesema zake atakuletea mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba