Jina la Binti wa Kisegi

Mjukuu wangu Adhis,

Usicheke: bado niko sekondari, lakini babu yako ni kaka yangu wa kwanza, kwa hivyo mimi ni nyanya yako. Huku Rangwe sote tu wazima.

Umeuliza kwa nini Jumamosi zangu nazipa kikundi cha historia ya ukoo. Hili sijamwambia mtu. Mama mzee mmoja nilimwandika katika daftari la kikundi "Nyar Kisegi", yaani binti wa Kisegi, kijiji alikozaliwa, kama wote wanavyomwita, kwa kuwa niliona haya kumuuliza jina. Nilipomsomea, alicheka.

"Mabinti wa Kisegi ni wengi, nyathina, mwanangu! Wajukuu watanijuaje? Andika Akoth. Tangu niolewe hapa, hakuna aliyeniuliza."

Nilifuta, nikaandika Akoth kwa fahari. Kisha nikarudi katika kila boma nililopita, nikawauliza wake wote majina yao.

Nyanya yako,
Awuor