Jina la Mwanakombo Kwenye Kazi Yetu

Mwanakombo, mwenzangu,

Nakuandikia kutoka chumbani kwako hapa Kibokoni, kwenye meza yako, kwa idhini ya mamako, ambaye ameniambia nisiguse kitu ila kalamu. Jumapili nasafiri. Nimehutubia wanafunzi mia bila karatasi mkononi, nimewajibu wakubwa wa chuo ana kwa ana, lakini tangu nikae hapa nimeandika jina lako mara nne na kulikata mara nne. Sijui mtu huanzaje kumwambia jambo yule aliyekuwa akimkatiza kila alipoanza.

Maana ndivyo tulivyojuana. Mwaka wa pili, nilipopanda juu ya benchi la maabara ya kompyuta nikaeleza, kwa ufasaha ulionipendeza mwenyewe, jinsi mashine mbovu zilivyo dhuluma kwa watoto wa wafanyakazi. Walinipigia makofi. Wewe ulikuwa umekaa sakafuni nyuma ya mashine moja, bisibisi mkononi, buibui limejaa vumbi. Ulingoja makofi yaishe, ukasema, "Neema, ukimaliza kutukomboa, nishikie waya huu." Mashine mbili ziliwaka siku ile. Hotuba yangu haikuwasha hata moja. Nilikuchukia mpaka jioni, na kesho yake nikaja kukaa karibu nawe.

Niache nikusifu, kwa kuwa ulipokuwa hai hukuniruhusu. Darasa zima tulikuwa tukisomea uhandisi wa programu za kompyuta, na sote tulijifunza kuiamrisha mashine. Wewe ulijifunza kumhudumia mtu. Ulizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na kila maumivu yalipokushika ulifikishwa kliniki umejikunja, kisha ukaulizwa dirishani jina lako, umri wako, kundi lako la damu, dawa zako, kana kwamba hakuna aliyewahi kukuona. Mimi nilitaka tuandamane. Wewe uliandika programu: mgonjwa atume ujumbe mfupi kwa simu yoyote, hata ile ya vibonye, na muuguzi ayaone yote yanayomhusu kabla hajafika mlangoni.

Na sijaona mhandisi mwingine akifanya kazi kwa namna yako. Kabla ya kuigusa kompyuta uliandika kila hatua kwa Kiswahili daftarini, kisha ukamsomea mamako jikoni huku akikanda unga wa mahamri ya kuuza. Asilolifahamu Bi Rehema halikuingia kwenye mashine. Nilikudhihaki. "Kwani Bi Rehema ndiye atakayetutahini?" Ukanijibu bila kuinua macho, "Ndiye. Na hapokei maneno matupu." Siku moja nilileta maswali yangu kumi na mawili ya kumuuliza mgonjwa, yamepangwa kwa ustadi, yakiufichua udhaifu wote wa huduma za afya nchini. Mamako alisikiliza hadi la tano.

"Basi, basi. Mtu yuwaumwa, mwanangu. Mifupa yamvunjika. Yote hayo atayaandika saa ngapi?"

Ukayafuta yote kumi na mawili mbele yangu. Ukaacha tarakimu moja. Mgonjwa abonyeze moja, atume, aje. Mengine yawe yamesajiliwa kliniki mapema; ni juu yetu kuyajua.

Ni tarakimu hiyo iliyotupatia mwaka wa masomo ng'ambo, sisi wawili, kwa kazi moja. Barua ya kukubaliwa ilitukuta sote tu hai. Uliisoma mara mbili, ukaniuliza kama baridi ya huko itaumiza mifupa zaidi. Nilikwambia tutanunua makoti. Hukuingoja baridi. Mwezi ule ule maumivu yalikushinda, tukakuzika, na mimi bado nina orodha ya makoti kwenye simu.

Matangani sikujua pa kukaa. Baba yangu ni karani wa bandarini, sisi ni watu wa bara, Wakristo wa Ganjoni. Nilisimama kizingitini na leso niliyoazima ya kujifunika kichwa, mpaka shangazi yako aliponisogezea mkeka. "Kaa hapa, mwanangu. We ni wa ndani." Nikakaa kati ya wanawake waliokuwa wakikusomea Kurani. Sikuwa na neno hata moja, na kwa mara ya kwanza maishani sikulitafuta.

Maneno yalirudi baada ya arobaini yako, tena yakiwa na moto. Fomu za safari zililetwa upya, na sasa zilikuwa za mtu mmoja. Mwandishi wa programu: Neema. Nilipouliza ofisini kwa chuo, niliambiwa kwa upole kwamba fomu yataka sahihi ya kila mwandishi, na marehemu hatii sahihi. Kwa upole, Mwanakombo. Ningependelea wanitukane. Nikaandika barua ya kurasa nne ya kuikataa nafasi ile. Humo nikasema kwamba kukufuta ni mazishi ya pili. Wenzetu wakakubali kukusanyika langoni mwa chuo siku ya Alhamisi, niisome mbele yao, kisha niichane ile fomu hadharani.

Baba aliniuliza jambo moja tu: "Umeongea na mamake?"

Nikamwambia hili ni suala la haki, wala halihitaji ruhusa ya mtu.

"Sikusema ruhusa. Miaka yote hii naishi na watu wa hapa. Mtu wao akiwa na safari, huzunguka kwanza kutaka radhi kwa jamaa na majirani. Wewe wabeba jina la mtoto wao, na hujabisha hata hodi."

Nikaenda. Mamako alikuwa na unga mpaka viwikoni. Nikasema nimekuja kutaka radhi.

"Ya kwenda?"

"Ya kutokwenda, Mama."

Akaiona barua mkononi mwangu. "Hebu nisomee hiyo karatasi."

Nilianza kwa sauti yangu ya langoni. Hakuniacha nifike mbali. "Hapo kwenye mazishi ya pili, rudi." Nikarudi. "Mwanangu nimemuosha kwa mikono hii, akazikwa mara moja. Usinizikie tena." Nikaukata mstari ule. Nikaendelea kwa sauti ya chini. Nilipofika pa kuichana fomu, akainua mkono wenye unga.

"Hapo sikufahamu. Ukisha kuichana, wafanya nini?"

"Watajua kwamba tumekasirika."

"Watajua. Kisha?"

Nikaugeuza ukurasa wa nne; nyuma yake palikuwa patupu.

"Jina la Mwanakombo litakuwa limeandikwa wapi siku hiyo? Na ile programu ikiharibika, ataitengeneza nani? Hao wa langoni?"

"Hakuna, Mama."

"Basi barua yako haijafika popote. Ni makelele matamu. Na mwenyewe alikuwa akikucheka kwa hayo, usidhani hakuniambia." Akaketi, akapangusa mikono. Nilimwona akilitazama daftari lako juu ya kabati. Kisha akasema, "Andika."

Yeye alisema, mimi nikaandika, na kila nilipopenyeza neno la fahari alilitoa. Ikawa mistari sita. Kwamba yeye ni mama na mrithi wa Mwanakombo. Kwamba fomu ikitaka sahihi ya marehemu, basi ipokee ya mamake. Kwamba mwanafunzi aliye hai atakwenda, na kazi itakwenda na majina yote mawili. Akatia sahihi polepole, herufi moja moja, na unga ukabaki ukingoni mwa karatasi. Nilipotaka kuupangusa alinizuia.

Siku ya Alhamisi niliwaambia wenzetu warudi darasani. Wakanizomea, na waliozidi ni rafiki zangu. "Wamekupa nini, Neema?" aliuliza mmoja, nami nikamjibu kwamba sijapewa kitu, nimesahihishwa tu. Ndiyo hotuba yangu fupi kuliko zote, na ya pekee isiyopata kofi hata moja. Nikawaacha, nikaipeleka ile mistari sita ofisini kwa mkono wangu. Wiki mbili nilingoja, na wiki mbili nilijiuliza kama nimekusaliti kwa sababu ya tikiti ya ndege.

Jibu limekuja. Fomu imerekebishwa: waandishi wawili. Jina lako limetangulia.

Na kuna jingine, ambalo ungelijali zaidi kuliko hilo. Muuguzi wa kliniki yako, ambayo sasa yaitumia programu, alinipigia simu juzi. Msichana mmoja wa shule, wa Makadara, alishikwa na maumivu akiwa darasani. Akabonyeza moja, akatuma. Alipofikishwa, muuguzi alimwita kwa jina lake na dawa zilikuwa tayari. Hakuulizwa kitu, Mwanakombo. Alilazwa, akatulizwa, na hakuulizwa kitu. Nimepigania mambo mengi katika chuo kile, na sina hata moja la kuliweka kando ya hilo.

Leo nilipofika, nilimtaka mamako radhi kwa mara ya pili, sasa ya kwenda. Amenipa, kwa sharti. "Radhi yangu ni ya kwenda na kurudi. Ukikaa huko, huna." Mtu mwingine angeniambia hivyo, ningemsomea hotuba juu ya uhuru wa kijana na dunia iliyofunguka. Kwake niliinamisha kichwa. Twawajua, mimi na wewe, waliotoka mitaa hii kwenda kusoma, wakawa sauti ya simu siku ya Idi na siku ya Krismasi, basi. Nilikuwa nikiwatetea. Sasa namfikiria yule msichana wa Makadara, na siku programu itakapokwama huku mjuzi wake yuko mbali.

Kwa hiyo nakuahidi, bila fahari na bila mashahidi: nitakwenda, nitajifunza yale uliyotaka kujifunza, atakayeuliza kazi hii ni ya nani nitamtajia wewe kwanza, na mwaka ukiisha nitarudi Mombasa. Mamako yuwaniita nikale. Nakuombea kwa dua ya kwetu, nawe upokee kwa ile ya kwenu. Pumzika, mwenzangu. Kazi i mikononi mwangu, na mimi nitarudi.

Neema