Mtu Mwenye Kofia ya Kijivu

Jumatatu, 6 Oktoba

Roscoe ametangazwa. Mume wangu! Kwenye lile kundi la simu la mtaa wetu, ambamo kwa kawaida watu hutafuta paka waliopotea na kulaumiana juu ya takataka. Nilikuwa namenya viazi, simu ikalia, nikatazama. Picha. Mwanamume mweusi, kofia ya kijivu, mgongo umeinama kidogo, barabara yetu hii hii. Chini yake maneno: huyu anapita hapa kila jioni, anatembea polepole, anaangalia nyumba za watu. Kuna anayemjua?

Namjua. Nimezaa naye watatu.

Anatembea polepole kwa sababu Agosti alipasuliwa kifua, na daktari kamwamuru atembee kila jioni. Anaangalia nyumba kwa sababu — aangalie nini kingine? Hii ni Ohio. Hakuna milima wala bahari.

Aliyeweka picha hakuweka jina. Anajiita Jirani Makini. Mmoja kajibu: fungeni magari. Mwingine: mpigie polisi, ndiyo kazi yao. Wengine wameweka mioyo tu, mioyo myekundu, kumshukuru.

Nikampelekea Roscoe simu. Akaitazama kwa muda.

"Angalau nimepungua," akasema, akarudi kwenye mpira wake wa televisheni.

Lakini hakucheka. Nilikuwa namwangalia.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilitaka kuandika pale kwenye kundi: huyu ni Roscoe Gadsden, mwalimu wa hisabati mstaafu, na huenda mwanao alijua kugawanya kwa sababu yake. Roscoe kakataa katakata. Anasema akianza kueleza wasifu wake ili aruhusiwe kutembea, atakuwa anaueleza mpaka afe. Sawa. Ila mimi sina utulivu wake. Leo nimemshuku kila mtu. Mama wa nyumba ya kona kanipungia mkono — kwa nini leo? Mzee mwenye mbwa wawili hakunipungia — kwa nini leo?

Jioni kapita Shemasi Pettiway kumjulia hali mgonjwa. Anakaa ng'ambo ya barabara, juu kidogo. Ukituondoa sisi, nyumba yake ndiyo nyumba pekee ya watu weusi mtaani. Siku ya upasuaji alikaa nami hospitali tangu asubuhi mpaka madaktari walipotoka. Nikamwonyesha picha. Akatikisa kichwa.

"Watu wa siku hizi, dada Ernestine," akasema. Chai hakumaliza.

Televisheni: Washington bado wanagombana juu ya bajeti, serikali imefungwa kwa kukosa fedha. Kodi haijafungwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Dubu! Kaingia duka la keki huko Connecticut kwa mlango wa nyuma, kala keki ya harusi ya watu, ghorofa zote. Polisi wakaja, wakasimama mbali, wakamsubiri ashibe. Msemaji wao kasema mnyama hana nia mbaya, amepotea njia tu, wananchi wasimtishe. Mtangazaji kacheka mpaka akafuta machozi.

Nikamwambia Roscoe, leo ukitoka vaa manyoya.

Hapo ndipo alipocheka. Akashika kifua, kwa maumivu ya mshono, akacheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Peggy Dunleavy mlangoni, na mkate wa ndizi bado una moto. Huyu ni jirani yetu mzungu wa nyumba ya buluu. Miaka yote hii salamu zake zilikuwa za mkono mmoja kutoka ndani ya gari. Sasa anagombea udiwani, uchaguzi ni mwezi ujao, na mimi nimekuwa "mpenzi".

"Ernestine, mpenzi! Nimesikia habari za moyo wa mumeo!"

Kutoka kwa nani? Akaniomba aweke bango lake kwenye majani yetu ya mbele. Bango lina sura yake na maneno MTAA SALAMA. Salama dhidi ya nani, nikauliza. Akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Kwa wote, mpenzi. Mimi kwa kweli sioni rangi."

"Basi pita kwenye duka langu la miwani Jumatatu," nikamwambia. "Tunapima macho bure."

Hakuelewa. Au alielewa. Kaondoka na bango lake, mkate kauacha. Jirani Makini ni huyu, nimeshaamua. Mtu anayeuza usalama lazima kwanza atafute wa kuogopwa.

Mkate nimeutupa. Roscoe kautoa kwenye pipa — ulikuwa kwenye karatasi yake, anasema. Kala vipande viwili. Hajafa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Picha ya pili. Ya jana jioni. Kofia ile ile, na safari hii Roscoe amesimama kupumzika, mkono kwenye mti wetu. Mti WETU. Jirani Makini kaandika: karudi, sasa anasimama mbele ya nyumba moja. Mioyo mingi kuliko mara ya kwanza.

Nikachukua reki, nikatoka, nikajifanya nakusanya majani. Simu mfukoni, natazama picha, natazama barabara. Kwenye picha mti unaonekana kutoka juu, na kisanduku chetu cha barua kiko kushoto kwake. Kutoka kwa Peggy haiwezekani, nyumba yake iko bondeni na katikati kuna ua mrefu. Nikasogea. Nikasogea tena. Majani niliyokusanya hayajai hata kofia. Mzee wa mbwa wawili kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikainua macho, nikakuta nimesimama chini ya kibaraza cha Shemasi Pettiway. Kengele yake mpya ya mlangoni, zile zenye kamera ndani, ina kijicho cheusi chenye duara la buluu. Kinanitazama.

Nimerudi ndani. Roscoe sijamwambia. Huenda nimekosea. Mimi nauza miwani, sipimi ardhi.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikukosea.

Kanisani Shemasi kasimama mbele, kamwombea "ndugu yetu Roscoe, aliyetolewa kwenye kinywa cha kaburi". Sauti yake nzuri kama kawaida. Watu amina, amina. Roscoe amina. Mimi nilifunga mdomo nikatazama kidole chake cha kubonyezea simu.

Baada ya ibada nikamkuta nyuma, anapanga viti vya kukunja. Sikumsalimu.

"Kamera yako inapiga picha nzuri, Shemasi."

Akaendelea kupanga. Kiti, kiti. Kisha akakalia kimoja.

"Mara ya kwanza sikumtambua," akasema. "Naapa, dada. Amekonda. Mwendo si wake. Na giza lilikuwa linaingia."

"Na juzi?"

"Juzi nilimtambua nilipokwisha kubonyeza kutuma."

"Kwa nini usifute?"

Kutoka jikoni nilisikia akina mama wanagombania mfuniko wa sufuria.

"Watu walikuwa wameshanishukuru," akasema.

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na mkoba, mkoba mzito. Lakini akaanza kusema, na akawa hawezi kuacha. Kumbe Juni majirani walimpiga picha yeye! Anamwagilia waridi zake mwenyewe, mbele ya nyumba yake mwenyewe, na polisi wawili wakaja kumuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Hakumwambia mtu yeyote. Aliona aibu — yeye ndiye aliyeona aibu! Kisha akanunua kamera, akajiunga na kundi kwa jina lisilo lake.

"Niliona heri niwe upande wa wanaotazama," akasema. "Ukiwa kule, Ernestine, kuna utulivu. Wanakuandikia maneno mazuri. Hawajui wewe ni nani."

Nikamwambia ana muda mpaka Jumanne kumwambia Roscoe mwenyewe. Nikaenda zangu kula kuku. Sikuhisi ladha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Peggy tena! Safari hii kwenye kundi, kwa jina lake na sura yake: yule bwana ni jirani yetu mpendwa Roscoe, anapona maradhi ya moyo, aibu kwenu. Kama vile amemgundua. Sasa mtaa mzima unamsifu Peggy kwa ujasiri. Wale wale wa mioyo. Mmoja kasema huo ndio uongozi tunaoutaka.

Mchana kaja kuomba apige picha na Roscoe kwa ajili ya kampeni. Na Roscoe KAKUBALI. Kavaa koti la kanisani. Kofia kaiacha.

"Sijui anataka nini," nikamwambia alipoondoka.

"Anataka kura, mke wangu. Amesema wazi. Ni yeye peke yake mtaani humu aliyesema anachotaka."

Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumanne, 14 Oktoba

Pettiway kaja. Kofia mkononi, hakutaka kukaa. Kamwambia Roscoe yote, na Juni yake pia. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi makusudi.

Roscoe hakupandisha sauti. Ndivyo alivyokuwa hata darasani, watoto walimwogopa kwa hilo.

"Kwa hiyo ulijua inavyouma," akasema.

"Nilijua."

"Na ukaniuma."

"Ndiyo, kaka."

Nikasubiri amfukuze. Badala yake Roscoe akasema, "Kesho jioni utatembea na mimi. Na kesho kutwa. Mpaka daktari aniambie basi."

"Miguu yangu mibovu, Roscoe."

"Tutakwenda polepole."

Pettiway akalia. Mzee mzima. Nikamletea chai kwa sababu sikujua nilete nini. Bado simwamini. Alipotoka nilimtazama mpaka kwenye mlango wake — kengele ameifunika kwa soksi.

Jumatano, 15 Oktoba

Wametoka sasa hivi, kabla ya jua kuzama. Wanafika mbali kidogo, wanasimama, wanapumua, Pettiway anaonyesha kitu kwenye paa la mtu, Roscoe anacheka. Wanapendeza, sikatai. Nimekaa dirishani na chai na kitabu hiki. Kwa mara ya kwanza wiki hii mabega yangu yameshuka.

Simu.

Kundi. Picha nyingine. Si ya Pettiway, kamera yake iko ndani ya soksi. Jina lingine ambalo silijui. Maneno mafupi: sasa wako wawili.

Nimeandika pale: NI WATU WAZIMA WANATEMBEA. Nimekosea herufi, nimeandika tena. Peggy naye kaandika. Kuna anayejibu kwamba ameshapiga simu polisi, samahani, hakujua.

Gari la polisi limekata kona. Bila king'ora, polepole, polepole kuliko wao. Labda linapita tu. Mtaa una magari.

Halipiti. Limesimama kando yao. Milango yote miwili imefunguka. Pettiway ameinua mikono kabla hajaambiwa, juu kabisa, kama mtu aliyefanya mazoezi. Roscoe hajainua, mshono haumruhusu. Anaongea. Mikono, Roscoe, ionekane, wasidhani una silaha. Natafuta kiatu cha pili, nitoke. Polisi mmoja amerudi hatua nyuma.

Simu yangu inalia. Si kundi. Ni Roscoe anapiga — maana yake ametia mkono ndani ya koti.