Uso Ulio Kwenye Jiwe la Mama

Mtaa wa Wayahudi,
Bukhara.
9 Septemba 2003

Mpendwa Mama Mdogo Frekha,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Ngazi za hapo Queens bado zinakutesa? Sisi hatujambo. Ilyav anaota meno na hatulali. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimesinzia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza tu.

Jumapili tulikwenda makaburini, maana mwaka wetu mpya wa Kiyahudi unakaribia. Mume wangu Borukh ni wa ukoo wa makuhani, haruhusiwi kukaribia makaburi, akabaki nje ya lango na Ilyav. Niliingia na binti yetu Mazal. Jiwe la mama limeshasimamishwa, jeusi, zuri, Mungu akulipe. Nikatazama uso uliochorwa.

Mama Mdogo, ule ni uso wako.

Kidevu hakina kovu. Mama aliunguzwa na tanuri la mikate utotoni; wewe ndiye uliyenisimulia. Picha uliyomtumia mchongaji ni yako ya usichana. Mlifanana kama shilingi kwa ya pili, hata umejisahau.

Nilipomwambia Mzee Jahongir, mlinzi wa makaburi, kuwa si mama, alinicheka. "We binti, mama yako mzazi humjui?"

"Huyu yuko hai, mjomba. Juzi tu kanipigia simu kunigombeza."

Akashika ndevu. "Lo! Mfunike upesi, kabla malaika wa mauti hajakosea nyumba."

Nikavua mtandio, nikakufunika.

Mwaka mzima nilijiambia jiwe likisimama nitalia. Sikulia. Nilisimama kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

Mazal aliweka kijiwe chake cha kumbukumbu juu ya kaburi. "Mama, si huyu Bibi wa Amerika? Kwani kafa?"

"Hajafa. Yuko mbali."

"Na Bibi Bulor, mama yako, naye yuko mbali?"

Nilimshika mkono, tukatoka. Tulinawa mikono langoni, tukarudi nyumbani, nikapika wali.

Mchongaji anasema uso huo unasuguliwa, unachorwa mwingine. Iwe kabla ya karamu ya kumaliza mwaka wa msiba, mwezi wa Novemba. Sitaki watu waje kumwombea marehemu mbele ya sura ya mtu aliye hai. Picha za mama mlihama nazo zote. Usizitume, Mama Mdogo. Zilete mwenyewe. Tutachagua pamoja, mezani. Uso wa mama hauchaguliwi tena kwa mbali.

Msalimie Baba Mdogo Amnun na dada Rena. Mungu akufikishe miaka mia na ishirini, na jiwe lako lisijue mchongaji leo wala kesho.

Pengine nikikuona unaingia mlangoni na uso huo, ukiwa mzima, nitaweza kulia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokusumbua,
Zulai