Magoti ya Mkimbiaji

Jumatatu, 4 Mei

Naahidi kuandika humu kila kitu, pamoja na yale ya aibu. Nikianza kuficha, afadhali karatasi hizi zikafungie maandazi.

Nimechelewa shule tena. Na hakuna msichana kidato cha pili anayenizidi mbio. Tatizo si miguu. Tatizo ni wazee.

Barabara ya shule inapita katikati ya vibanja, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kila kibanja kina mzee wake anayeamka kabla ya jogoo na kukaa mbele ya nyumba kutazama nani anapita. Msichana aliyelelewa vizuri hapa kwetu hapiti mkubwa akiwa wima. Anapiga magoti, anaamkia, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu zote, ndipo anainuka. Mama alinifundisha. Bibi alimfundisha Mama. Kwa hiyo nakimbia, napiga magoti. Nakimbia, napiga magoti. Mzee Kahigi peke yake anaweza kumaliza kipindi kizima cha Hisabati. Leo alitaka kujua ndama wetu ananyonyaje.

Leo pia Mwalimu Gwandu aliniona kutoka dirishani. Ni mwalimu mpya wa Jiografia, ametoka Mbulu, mrefu kama nguzo ya umeme. Aliona mwanafunzi anakuja mbio, anaanguka. Anainuka, mbio, anaanguka tena. Akaamua nina kifafa. Alitoka na ndoo ya maji na wavulana wawili wa kunishika miguu. Nilimweleza kwamba nilikuwa nawaamkia wazee. Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti, kwa kuwa naye ni mwalimu.

Aliweka ndoo chini. Kisha akasema, "Kumbe mzima! Basi kesho kutwa jioni, uwanjani."

Nina furaha. Soksi zangu zina tope.

Jumatano, 6 Mei

Mazoezi ya kwanza. Nilidhani kukimbia ni kukimbia tu. Sivyo.

Mwalimu anasema nakunja ngumi kama ninayekwenda kupigana. Mikono iwe kama imeshika kifaranga: ukikaza anakufa, ukilegeza anatoroka. Anasema nisiugombeze mlima. Anasema nipumue mpaka tumboni. Yeye mwenyewe alikimbia pamoja nasi, tai ikipepea begani. Hakuwa anahema. Sisi tulikuwa tunahema kama ng'ombe waliopanda kutoka mtoni.

Halafu kwenye mteremko wa nyuma ya shule ikatokea. Sijui niite nini. Kifaranga alikuwa mkononi, ametulia. Pumzi ilikuwa tumboni. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya migomba, na miguu yangu ilikuwa inakwenda yenyewe, mimi nimepakiwa tu. Nilicheka kwa sauti. Dada Adelina wa kidato cha nne, ambaye ndiye bingwa wa shule, aliniuliza nacheka nini. Nikazidi kucheka.

Nataka kesho ifike haraka.

Jumamosi, 9 Mei

Mwalimu alikuja nyumbani kuniombea ruhusa. Baba alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Mwalimu aliletewa buni za kutafuna, kama mgeni yeyote. Alizimeza zote nzima kama dawa. Hakuna aliyecheka mbele yake.

Baba alisema msimu wa kahawa umeanza na mikono haitoshi. Mwalimu alisema mtoto huyu ana kipaji. Baba akasema kahawa nayo ina kipaji cha kuoza.

Mwisho wakaelewana hivi. Tarehe ishirini na tatu kuna mashindano ya wilaya, na mwaka huu mbio zitapita barabara yetu hii hii. Wasichana wawili wa kwanza wanakwenda Bukoba, kwenye mashindano ya mkoa. Nikiwa mmoja wao, naendelea na mazoezi, na Baba atatafuta kibarua wa kuchuma. Nikishindwa, mazoezi basi. Jioni zangu zote ni za kahawa.

Nilidhani yameisha. Bibi akaweka kisu chini.

"Akimbie," akasema. "Lakini asiwapite wazee kama mbuzi aliyekata kamba. Hata siku hiyo."

"Siku ya mashindano pia, Bibi?" Mwalimu akauliza.

"Siku hiyo wazee watakuwa wamekufa?"

Mwalimu aliniangalia. Mimi niliangalia maganda ya ndizi.

Jumanne, 12 Mei

Jaribio la shule, barabara ile ile ya mashindano. Ahadi ni ahadi, naandika.

Niliongoza mpaka kwa Mzee Kahigi. Nikapiga magoti. Mzee akanishika mkono, na Mzee Kahigi akikushika mkono hauachii mpaka awe ameuliza habari za ukoo wote, kwa Kinyambo, lugha yetu, taratibu, na ng'ombe nao wanatajwa kwa majina. Dada Adelina akapita. Wote wakapita. Mzee akasema, "Wasichana wa siku hizi, wanapita tu! Wewe umelelewa."

Nilifika wa mwisho. Nilitanguliwa hata na aliyekuwa amebeba dumu la maji ya kunywa.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nilijaribu kuamkia nikiwa mbioni. Nilipaza tu sauti, "Shikamooni!" na mkono juu.

Habari zilifika kwa Bibi kabla yangu. Sijui zilipita njia gani, maana mimi ndiye ninayekimbia.

Adhabu: nimemenya ndizi za kupeleka msibani kwa jirani, mkungu baada ya mkungu. Vidole vyote vyeusi kwa utomvu. Nimekasirika. Siwezi kumkasirikia Bibi, kwa hiyo nimezikasirikia ndizi.

Ijumaa, 15 Mei

Mwalimu hakunifokea kwa jaribio lile. Alisema, "Kama goti halikwepeki, tulifundishe."

Jioni nzima nimefundishwa kupiga magoti. Goti moja chini, vidole vya mguu wa nyuma vichimbe udongo, kichwa kiinamishwe kwa heshima, mikono mbele. Halafu juu! Alisema huko kwenye viwanja vikubwa wakimbiaji wa mbio fupi wanaanza hivyo hivyo, wamepiga goti. Sikuamini. Akaapa.

Kufikia machweo nilikuwa nikiinuka kwa kasi kiasi kwamba mbuzi wa mlinzi alikimbia. Mwalimu alipiga makofi. Alisema hajawahi kuona mtu anayeinuka kutoka chini namna hiyo. Nikamwambia nimefanya mazoezi tangu nina miaka mitatu.

Lakini kuna tatizo. Mimi nitainuka haraka. Mzee Kahigi hataachia mkono haraka.

Jumatatu, 18 Mei

Siku kubwa. Mwalimu amepita nyumba kwa nyumba, barabara yote, akipeleka salamu zangu kabla ya mashindano. Nilimfuata nyuma ili nimtafsirie, maana Kinyambo chake ni "ndiyo" na "asante" tu. Kila nyumba alikaribishwa, na hapa kwetu hukatai. Kwa wa kwanza ndizi na maharage. Kwa wa pili ndizi na maharage. Kwa wa tatu rubisi, pombe yetu ya ndizi, na baada ya hapo akawa anazungumza Kinyambo kingi sana, ingawa mimi sikukielewa.

Wazee walipokea salamu, lakini wakagawanyika. Wengine walisema salamu haiwekwi akiba. Ikabidi wakutane kwa Mzee Kahigi. Wakabishana mpaka jua likazama. Mwisho Mzee Kahigi akakohoa.

"Deni la salamu linaanzia machoni," akasema. "Mzee akimwona mtoto na mtoto akapita wima, hapo ni kosa. Mzee asipomwona?"

Hata wale wabishi hawakuona kosa.

"Basi tusimwone. Siku hiyo tutakaa tumeipa barabara mgongo."

Walikubali wote. Mwalimu alitokwa na machozi, ama kwa furaha ama kwa rubisi. Wote walikubali isipokuwa Bibi.

"Nimpe mjukuu wangu kisogo? Mbele ya watu? Kwani tumegombana?"

Nyumba yetu iko juu ya kilima cha mwisho. Mbio zinaanzia shuleni, na baada ya nyumba yetu ni kamba ya kumalizia tu.

Alhamisi, 21 Mei

Nimefua soksi ambazo tayari zilikuwa safi. Mwalimu anasema ni kawaida, hata yeye alikuwa akifua zake. Nilimuuliza kama aliwahi kushinda. Akasema aliwahi kuwa wa nne, mara nyingi sana. Akasema aliacha kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia alikosea wapi.

Bibi hajasema lolote. Ameazima kitu kwa Baba na Baba hasemi ni nini.

Mimi nitapiga magoti. Nimeamua. Kama ni kahawa, iwe kahawa.

Jumamosi, 23 Mei

Yote, kama nilivyoahidi.

Shule nyingi zilikuja. Wa kuogopwa alikuwa Jovina, kutoka upande wa Isingiro, msichana mwembamba asiyetabasamu. Mwalimu aliniambia, "Nyuma kwanza. Wasubiri." Alitaka kusema jingine, akanifunga kamba ya raba, ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Filimbi. Jovina akaondoka kama aliyeitwa. Dada Adelina nyuma yake. Mimi nikabaki na kifaranga wangu mikononi.

Kona ya kwanza, nikawaona wazee wetu. Wamevaa nguo za kanisani. Wamepangwa pande zote mbili za barabara juu ya viti na vigoda, wote wametazama migomba. Migongo tu. Hakuna anayesema. Hata watoto walikuwa wamegeuzwa.

Sikutegemea kilichofuata. Jovina alikuwa mbele, naye ni mgeni. Aliona kijiji kizima kimekaa kimya, kimevaa vizuri, kimeinama kuelekea kwenye kibanja. Akaona ni msiba. Na mtu aliyelelewa vizuri hapiti msibani mbio. Jovina akaacha kukimbia. Akatembea taratibu, mikono nyuma, kichwa chini. Waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Hata Dada Adelina, anayejua kabisa kwamba hakuna aliyekufa, alijikuta anatembea! Nilipofika mimi, mbio za wilaya zilikuwa maandamano ya mazishi.

Niliwapita wote. Ilikuwa rahisi kama kumpita mtu aliyelala. Mbele yangu barabara ilikuwa tupu, na Bukoba ilikuwa mwisho wake.

Kisha nikahisi vibaya. Wale walikuwa wanatembea kwa heshima. Mimi nilikuwa naiba.

Nikageuka nikapiga kelele, "Hakuna msiba! Wamenigeuzia mimi! Kimbieni!"

Hakuna aliyesogea. Ndipo Mzee Kahigi, uso ukiwa bado kwenye migomba, akanguruma, "Kimbieni nyie! Sisi hatuwaoni!"

Wakakimbia. Mama yangu! Jovina alinipita kama mimi ndiye msiba. Dada Adelina naye akanipita, kwenye mteremko. Nikawa wa tatu, na wa tatu harudi mazoezini.

Kilima cha mwisho. Sikukigombeza. Pumzi tumboni, lakini tumbo lilikuwa limejaa moto. Miguu ilianza kuyumba. Nikainua macho nikamwona Bibi.

Amekaa mbele ya nyumba kwenye kigoda, kanga mpya, mgongo barabarani. Bibi yangu! Nikataka kulia. Kisha nikaona mkono wake umenyanyuliwa. Ameshika kioo cha Baba cha kunyolea. Na ndani ya kioo, jicho. Linanitazama.

Amri ya Mzee Kahigi iko wazi. Deni linaanzia machoni.

Nikapiga goti. Nilimsikia Mwalimu kwenye kamba akipiga ukelele kama mtu aliyeibiwa. Goti moja chini, vidole ndani ya udongo, kichwa chini. "Shikamoo Bibi." Pumzi moja nzima ikaingia, ya kwanza tangu chini ya kilima.

"Marahaba," kioo kikajibu. "Inuka!"

Nikainuka. Kama tulivyofanya siku ile mbuzi alipokimbia. Miguu ilikuwa imesahau kwamba imechoka. Dada Adelina aligeuka kutazama nani anakuja, na aliyekuwa anakuja alishapita. Jovina sikumfikia. Jovina yuko mbali na kila mtu.

Wa pili.

Mwalimu alinikumbatia, akakumbuka kuwa yeye ni mwalimu, akanipa mkono. Jovina alikuja kunishukuru. Aliuliza kama kweli hakuna aliyekufa.

Dada Adelina alilia. Nilikaa naye. Sikujua la kusema, nikampa chungwa langu.

Bibi alipofika alinitazama magoti. "Kwa nini ulipiga?" akauliza. "Kioo hakihesabiwi. Aliyekuona ni kioo."

Jumapili, 24 Mei

Tumetoka kanisani. Mvua kidogo. Kahawa imefunikwa. Baba amempata kibarua, aanze kesho.

Nimekaa na Bibi jikoni. Nilimuuliza kwa nini alikubali kugeuka. Akaendelea kumenya.

"Mgongo huu ndio uliokubeba mpaka kliniki, ulipokuwa na homa," akasema baadaye. "Nilikuwa nakwenda mbio. Watu walikaa barabarani, na sikumwamkia hata mmoja." Akaniongezea ndizi za kumenya.

Jioni nilikimbia peke yangu, polepole, mpaka kwenye mteremko na kurudi. Wazee walikuwa wamegeukia barabara kama zamani. Nikapiga magoti kwa kila mmoja. Mzee Kahigi alinishika mkono mpaka giza likaanza. Ndama anaendelea vizuri, nilimwambia.

Wanasema timu ya Bukoba itapewa mwalimu mwingine, wa wilayani. Wanasema Bukoba barabara ni ndefu na watu ni wengi kuliko migomba.

Nimeandika swali langu kwenye karatasi ndogo. Kesho nitamkabidhi Mwalimu Gwandu mkononi na nitasimama hapo hapo mpaka anijibu, kengele ilie isilie. Nimeandika: Mwalimu, huko Bukoba nani atatangulia mbele yangu kuwaamkia wazee?